Kukatwa uvimbe wa ngozi Arusha: mkono mzuri, ila usikwepe kulipia maabara

Nyota nne kati ya tano. Mkono wa daktari ningeupa tano bila kusita. Nyota moja nimeikata kwa sababu ya namna majibu ya maabara yalivyonifikia, na nitaeleza huko mbele. Jina la kliniki siliandiki, maana nitaikosoa na sitaki ukosoaji wangu ugeuke ugomvi. Inatosha kusema ni kliniki binafsi ya hapa Arusha yenye chumba kimoja cha upasuaji mdogo. Unaingia asubuhi, jioni unalala kwako.

Mimi ni mwanamke mwenye ualbino, mhasibu wa shule ya sekondari, nimeshavuka miaka arobaini. Ngozi yangu imepita mikononi mwa watabibu wengi tangu nikiwa binti: imegandishwa, imekwanguliwa, imekatwa, imeshonwa, imepachikwa. Kwa hiyo huduma hii naipima kwa nilizowahi kupata, sisifii tu kwa kuwa nimetoka salama. Na kwa kuwa nashinda na risiti, naomba nianzie kwenye risiti.

Yao ina mistari minne: kumwona daktari, upasuaji, vifaa na dawa, maabara. Upasuaji ulikuwa laki mbili na kitu, maabara elfu sabini. Nikiwa kwenye foleni ya dirisha la malipo, kaka mmoja aliyekuja na uvimbe begani alikuwa akimbembeleza dada wa ndani amfutie ule mstari wa mwisho. "Kitu chenyewe kinakatwa kinatupwa, cha kupima nini tena dada yangu?" Yule dada wala hakukasirika. Akamwambia, "Kaka, hapa hakitupwi kitu. Ukishindwa kulipa leo, lipa nusu, nusu utamalizia siku ya kutoa nyuzi." Kwa jibu hilo nilitulia kabla hata sijamwona daktari.

Niseme kwa nini naung'ang'ania mstari huo. Miaka ya nyuma, kwenye zahanati moja mbali na hapa, kidonda kidogo kilichokuwa shingoni kwangu, upande wa kisogo, kilikwanguliwa kwa kijiko cha chuma kisha kikaunguzwa kwa umeme. Kukwangua na kuunguza ni njia halali kabisa kwa vidonda vidogo vya juu juu, inatumika dunia nzima. Tatizo ni kwamba kilichokwanguliwa kilifutwa kwa gozi, na gozi ikaenda kwenye ndoo ya taka. Hakuna aliyejua kilikuwa kitu gani. Baadaye pembeni ya kovu pakaota kigaga, na ukikibonyeza unasikia ugumu chini ya kidole. Daktari mwingine alipokuja kukata upya ilimlazimu achukue eneo kubwa, kwa sababu ugonjwa ukishajificha ndani ya kovu, macho hayawezi kuona umeishia wapi. Ngozi ya shingo haikutosha kufunga. Wakachukua ngozi nyembamba ya paja wakapachika pale. Nawaambieni ukweli ambao mimi sikuambiwa: paja linauma kuliko shingo. Pale panapopachikwa hapaumi sana, lakini pale ngozi inapochunwa ni kidonda kibichi, na nguo ikigusa unaijua. Hayo yote yangeweza kuepukwa kwa kichupa kimoja cha fomalini, ile dawa ya kuhifadhi kipande kisioze kabla ya kufika maabara.

Sasa safari hii. Kilikuwa kinundu kwenye panja la kushoto, kati ya mwisho wa jicho na nywele, chenye gaga gumu juu ambalo nikilibandua linatoa damu kidogo na kurudi. Sisi wenye ualbino tunakifahamu kitu cha namna hiyo. Ngozi yetu haina melanini, ile rangi asilia, ya kutosha ya kuikinga na jua, na saratani inayotuandama zaidi Afrika ni ya skwamasi, yaani ya seli za tabaka la juu la ngozi, ambayo mara nyingi huanza na baka kavu linalokwaruza vidole kabla ya kuwa kidonda.

Daktari ni kijana aliyesomea Moshi, kwenye kile Kituo cha Mafunzo ya Magonjwa ya Ngozi kilichopo hospitali ya KCMC tangu 1992. Wanaopita pale nawatambua kwa kitu kimoja: hawaangalii tu pale ulipowaonyesha. "Shikamoo mama, naomba tutoe mtandio na viatu." Aliangalia nyuma ya masikio, midomo, mgongo, nyuma ya miguu, mpaka nyayo. Aliyekwisha kupata kidonda kimoja cha aina hii ana nafasi kubwa ya kuwa na kingine, na mara nyingi kingine kiko mahali ambapo mwenyewe hapaoni. Kisha akapapasa tezi mbele ya sikio, chini ya taya na shingoni, pande zote mbili, taratibu, kwa ncha za vidole. Saratani ya panja ikianza kusafiri hupitia huko. Daktari akikata uso wako bila kugusa shingo yako, muulize.

Halafu akanifanyisha jambo ambalo sijawahi kufanyiwa kwingine. "Mama, inua nyusi. Zote mbili. Sasa fumba macho kwa nguvu. Sasa nionyeshe meno." Akaandika kwenye faili. Nilipomuuliza akanieleza kwamba kwenye panja unapita mshipa wa fahamu unaoinua nyusi, na hapo hauna kina kirefu. Ukikatwa, nyusi ya upande ule inaanguka na hairudi. Kwa hiyo anataka iwe imeandikwa kwamba kabla ya kisu zilikuwa zinainuka sawa, na wakati wa kukata atabaki kwenye mafuta yaliyo chini ya ngozi, asizame hadi kwenye utando ambao mshipa huo umejificha chini yake. Yote haya alinieleza kabla sijaweka sahihi. Fomu ya ridhaa nimeshasaini nyingi maishani. Hii ndiyo ya kwanza niliyoisaini nikijua nasaini nini.

Hapa ndipo panapowashtua watu, kwa hiyo nitakaa kidogo. Kinundu changu kilikuwa na upana wa milimita 8. Kovu nililonalo leo lina urefu wa karibu sentimita 6. Mdogo wangu alipoliona alisema nimedhulumiwa. Sikudhulumiwa, ni hesabu. Saratani ya skwamasi huwa na vijidole visivyoonekana, kwa hiyo daktari anakata na ukingo wa ngozi inayoonekana nzima: milimita 4 kila upande ikiwa kidonda ni kidogo na si cha hatari, 6 au zaidi ikiwa ni cha hatari. Panja, sikio na midomo ni sehemu ambazo ugonjwa huu una tabia ya kurudi, basi akachagua 6. Nane jumlisha kumi na mbili, milimita 20. Huo ndio upana.

Urefu nao una sababu yake. Ukikata duara kwenye ngozi halafu ukavuta kingo zikutane, ncha mbili zinatuna na kubaki na vipembe, jambo analolijua kila aliyewahi kuziba tundu la duara kwenye kitambaa kwa kulivuta tu. Ili ncha zilale, unakata umbo la jicho, lenye ncha kali, na urefu wake uwe kama mara tatu ya upana. Ishirini mara tatu ni sitini. Hesabu hii ukiifahamu, hutalala macho usiku wa kwanza ukijiuliza kwa nini bandeji ni ndefu namna ile.

Aliichora kwa kalamu ya zambarau kabla ya ganzi, kwa sababu dawa ya ganzi ikiingia ngozi inavimba na mistari yote inapotea. Kwanza akaniambia nikunje uso kama ninayeangalia jua, akatazama mikunjo ya kando ya jicho inavyoelekea, na lile umbo la jicho akalilaza sambamba nayo. Alinisimulia kuhusu Karl Langer, mtaalamu wa anatomia wa Austria, ambaye mwaka 1861 aliandika kwamba alitoboa miili ya marehemu kwa kitu cha mviringo na matundu yakawa hayabaki mviringo, yanavutika kuwa mipasuo kwa sababu ngozi imevutwa upande mmoja zaidi ya mwingine. Usoni mwa mtu hai, alisema, mikunjo yake mwenyewe inaelekeza vizuri zaidi kuliko mchoro wa kitabuni. Kovu langu leo linaingia ndani ya mkunjo wa tabasamu. Mtu anayeongea nami halioni mpaka nimwonyeshe.

Ganzi. Lidokeini iliyochanganywa na adrenalini kidogo, sindano nyembamba sana. Inawasha, sitawadanganya, ila inategemea mkono unaosukuma. Huyu alisukuma polepole, na kila alipohamia mbele alichoma pale palipokwisha kufa ganzi, hivyo uchungu ulikuwa wa tundu la kwanza tu. Adrenalini hubana mishipa ya damu. Niliambiwa ngozi pale imepauka kuzidi hata rangi yangu ya kawaida. Baada ya hapo aliacha. Aliweka simu yake mezani, akanifunika gozi, akakaa kama dakika kumi tukiongea habari za mvua. Nimeshakatwa na watu wasiosubiri, damu inachuruzika wanaanza kuunguza huku na kule kuitafuta. Dakika kumi hizo ni sehemu ya ufundi, na nimefurahi kuona hazikuibwa kwa sababu ya foleni.

Kukata kwenyewe ndiko kulikokuwa kufupi kuliko vyote. Uso umefunikwa kitambaa cha kijani chenye tundu, huoni kitu. Nilisikia kuvutwa, nilisikia mkasi, nilisikia harufu ya kuungua pale alipofunga vimishipa kwa umeme, na sikusikia maumivu. Nesi, mama mmoja wa makamo mwenye sauti ya chini, alikuwa ameshika mkono wangu na kunitajia kila hatua: sasa kisu, bledi namba 15 ile ndogo, sasa anaachanisha ngozi na mafuta pembeni ili ivutike bila kukaza, sasa nyuzi za ndani. Za ndani zinayeyuka zenyewe na ndizo zinazobeba uzito wote. Za nje, naironi nyembamba nyeusi, kazi yake ni kulaza kingo tu. Daktari alianza kushona katikati ya kidonda, akaja katikati ya kila nusu, na kuendelea hivyo hivyo, ili upande wa juu na wa chini uishe pamoja. Nilimwomba nesi anipigie picha kwa simu yangu. Nyuzi zote zina nafasi sawa na hakuna hata moja iliyobana mpaka ngozi ikawa nyeupe. Uzi ukibana sana unaacha alama za ngazi pande mbili za kovu, ninazo begani za siku nyingi.

Kabla daktari hajanifunga bandeji alinionyesha kipande. Kiko kwenye kisahani cha chuma: umbo la jicho, kinundu changu katikati na lile gaga lake, na kwenye ncha ya upande wa nywele amefunga uzi mmoja mweusi. Uzi ule ni wa kumwambia mtu wa maabara juu ni wapi. Akiona ugonjwa umegusa ukingo mmoja, daktari atajua ni ukingo upi wa kurudia, hatakata kote upya. Kikatumbukizwa kwenye kichupa cha fomalini, nesi akanisomea jina langu, umri na upande wa uso kutoka kwenye lebo, akaniomba nithibitishe kwa mdomo wangu. "Kushoto, mama?" Kushoto.

Nilipoinuka kitandani nyusi ya kushoto ilikuwa haiinuki. Daktari alikuwa ameshanionya: ganzi inaulewesha mshipa ule kwa saa kadhaa. Mpaka magharibi ilikuwa imerudi, na siku ya kutoa nyuzi alirudia lile zoezi lote la nyusi, macho na meno, akaandika tena.

Nyumbani mambo yalikuwa mepesi. Asubuhi iliyofuata jicho la kushoto lilivimba likabaki mstari. Kwa upasuaji wa panja hilo ni la kawaida, na kulalia mito miwili kunasaidia. Bandeji ya kubana ilikaa siku mbili, baada ya hapo ni maji safi na sabuni, kukausha kwa kugusagusa, Vaselini safi ya kopo jipya, na gozi. Nesi alikaza sauti kwenye jambo moja: usimwagie unga wa kapsuli. Alijua anaongea na nani, maana kila nyumba ya Kitanzania kuna mtu anayefungua kapsuli ya antibayotiki na kunyunyizia kidonda. Unakauka, unaganda, unafunga usaha chini yake. Nyuzi za uso zilitolewa baada ya wiki moja, kukabandikwa vipande vyembamba vya plasta. Kwa mgongo na miguu huwa ni siku kumi hadi kumi na nne, kwa hiyo aliyekatwa mgongoni asione ameachwa nyuma.

Sasa ile nyota niliyoikata. Niliambiwa majibu ni wiki mbili. Wiki mbili zikapita, nikapiga simu, mapokezi wakasema bado. Nikapiga tena, bado. Nilipokwenda mwenyewe, majibu yalikuwa yameshafika kwenye barua pepe ya kliniki siku nyingi, hakuna aliyeyafungua kwa sababu daktari alikuwa safarini. Mtu anayesubiri kuambiwa kama ana saratani halali vizuri. Kliniki inayomkatalia mteja kufuta mstari wa maabara, kwa haki kabisa, iwe basi na mtu mmoja ambaye kazi yake ni kufungua majibu hayo kila asubuhi na kupiga simu. Niliwaambia hivyo ana kwa ana, nesi aliniomba radhi na aliandika.

Majibu yenyewe: saratani ya skwamasi, ya aina ambayo seli zake bado zinafanana na za kawaida, kingo zote safi. Ukingo wa karibu zaidi umeandikwa milimita 4.5. Ukisoma hapo unaweza kudhani daktari alipima vibaya, maana alichora 6. Ngozi ikikatwa hunywea, na fomalini inainywesha zaidi, kwa hiyo namba ya maabara karibu kila mara huwa ndogo kuliko ya kalamu. La kuangalia ni mambo mawili: kingo za pembeni ziko safi, na ukingo wa chini uko safi. Karatasi yako isiyotaja hayo mawili irudishe iulizwe. Nakala nimeibakiza nyumbani, kwa sababu mafaili ya hospitali hupotea na mwili huu nitakuwa nao siku zote.

Kuna kitu wengi hawaambiwi kuhusu neno "safi". Maabara hukikata kipande vipande vyembamba na kuangalia baadhi tu kwa hadubini, hivyo ukingo unaoonekana kweli ni sehemu ndogo ya mzunguko wote. Ndiyo maana hata mwenye majibu safi anarudi kukaguliwa, mimi kila baada ya miezi michache kwa miaka miwili ya kwanza. Kuna njia nyingine iliyobuniwa na Frederic Mohs huko Wisconsin, Marekani, miaka ya 1930, ambayo daktari anakata tabaka jembamba, analigandisha, anaangalia ukingo wote mzunguko mzima hapohapo mgonjwa akiwa anasubiri, na akiona ugonjwa anarudi kukata pale tu ulipo. Inaokoa ngozi nyingi, hasa puani na kopeni. Hapa kwetu si kitu cha kukikuta kliniki ya mtaani, inahitaji maabara ndani ya chumba cha upasuaji. Nimeitaja ili ukisikia jina hilo usidhani kliniki yako imekunyima.

Wala si kila kidonda kinahitaji kisu cha umbo la jicho. Yale mabaka makavu ya mikononi na masikioni ambayo hayajawa saratani, mimi huwa nagandishwa kwa nitrojeni ya maji, ile yenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri. Sekunde chache za kupulizwa, lengelenge, gaga, limetoka. Ni rahisi na kovu lake ni dogo. Lakini nitrojeni haiachi kipande cha kupima, kwa hiyo naikubali pale tu daktari ana hakika anachokigandisha. Akisita hata kidogo, achukue kwanza kipande kwa kile kitoboleo cha milimita 4, uzi mmoja unatosha, kisha tusubiri. Kunyoa kwa bledi, yaani kukata kilichotokeza bila kwenda chini, kunafaa kwa vipele vilivyo salama. Kwa kitu kinachoshukiwa kuwa melanoma, saratani ya seli zinazotengeneza rangi ya ngozi, si chaguo zuri, kwa sababu matibabu yote ya melanoma hupangwa kwa kina chake kilichopimwa, na ukinyoa juu juu umeharibu kipimo.

Hilo la melanoma nawaandikia hasa ndugu zangu wenye ngozi nyeusi ambao wanaona makala ya mtu mwenye ualbino haiwahusu. Kwenye benchi la kusubiri nilikaa na babu mmoja wa Kimeru aliyekuwa na doa jeusi lenye kidonda kwenye unyayo. Alisema alichomwa na mwiba shambani na mwiba umebaki ndani. Alikuwa ameshatumia dawa nyingi za kuvuta mwiba. Melanoma kwa Mwafrika haifuati sana jua, inapenda nyayo, viganja na chini ya kucha. Sijui babu aliambiwa nini ndani, siri ni yake, lakini doa la unyayo linalokua au kidonda cha hapo kisichopona si la kukwangua kwa wembe nyumbani. Ni la kuonwa, kukatwa, kupimwa.

Kwa wanaokuja na mambo mepesi: uvimbe wenye tundu jeusi katikati unaotoa uchafu mweupe wenye harufu una kifuko chake ndani. Daktari akiukamua tu utarudi, anatakiwa autoe na kifuko kizima, na ukiwa umevimba kwa usaha anaweza kukutaka usubiri upoe kwanza. Uvimbe laini wa mafuta unaotembea chini ya kidole hutoka kwa mpasuo mdogo. Keloidi, lile kovu linaloota na kuvimba kupita kidonda chenyewe, ni habari nyingine. Ukikata keloidi ya sikio bila mpango wa baadaye, kama sindano za triamsinoloni, dawa ya jamii ya steroidi, au njia nyingine ya kuituliza, inaweza kurudi kubwa kuliko ya kwanza. Hapa daktari alimkatalia dada mmoja kukata kinundu salama cha kifuani kwa sababu tu kifua, mabega na masikio ndiko keloidi zinakopenda kuota. Dada alinuna. Mimi nilimwona daktari ni mwaminifu, maana ile ilikuwa pesa anaikataa.

Kwenda: upasuaji hufanyika Jumanne na Alhamisi, fika mapema, kula kabla, ganzi hii haihitaji njaa. Vaa shati la vifungo, usivae la kuvulia kichwani, utanishukuru ukiwa na bandeji. Sema dawa zote unazotumia, hasa za kuyeyusha damu, ila usiziache kwa uamuzi wako. Ukiwa na bima uliza dirishani kama inabeba na maabara, maana mara nyingine inabeba upasuaji peke yake. Losheni ya jua waliniandikia, na wenye ualbino wanaweza pia kuuliza kliniki zinazohudumia watu wenye ualbino kuhusu Kilisun, ile losheni iliyoanza kutengenezwa KCMC kwa ajili yetu.

Jambo moja limebaki na naliandika kwa uzito. Benchi la kusubiri liko kwenye baraza linaloangalia magharibi. Kuanzia saa nane mchana jua linaingia moja kwa moja usoni kwa mgonjwa, na wagonjwa wa kliniki hii ni sisi ambao jua limetutoboa. Nilisimama ukutani saa nzima na bandeji mpya. Nimewaandikia barua: hamisheni benchi ndani ya korido au fungeni turubai. Nikirudi kukaguliwa nitaandika hapa kama wamefanya.